Nimefuta Malori Yote Ubaoni

Leo nimejiaibisha hapa Kitengela mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa suti.

Mnajua mimi hufundisha hesabu chuoni. Mkuu wa idara alishatuambia tusipopata kiwanda cha kupokea wanafunzi wetu sita muhula huu, ile kozi ya hesabu za viwandani inafungwa. Nimebisha milango mpaka mabawabu wananisalimia kwa jina. Leo kiwanda kimoja cha chakula cha ng'ombe kikakubali kunisikiliza.

Mkurugenzi anaitwa Mama Nasieku. Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa", akaitikia "Epa", nikaona leo ni leo. Akanipeleka kwa ofisi ya kupanga malori. Nikawasha projekta. Stima ikapotea.

"Endelea tu, Mwalimu," akasema.

Mwalimu wa hesabu bila pa kuandika ni bure kabisa. Kwa ukuta kulikuwa na ubao mweupe, umejaa maandishi. Sasa sisi, tukiingia darasani tukute ubao umejaa, tunafuta. Huulizi ni ya nani. (Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunikataza.) Nikashika kitambaa, nikafuta kona hadi kona, huku nikieleza kwa sauti ya mamlaka vile hesabu inaweza kuokoa mafuta ya malori.

Kugeuka, namwona Mutua, mpangaji wa malori, ameshika kichwa, anamtazama Mama Nasieku.

"Madam, hizo zilikuwa safari za leo. Nimezipanga tangu asubuhi."

Nje madereva watatu walikuwa wamewasha injini. Mama Nasieku akaangalia ubao, akaniangalia mimi, akaketi. Jasho lilinitoka hadi kwa soksi. Nikaona kozi imeenda, na mimi ndiye nimeipeleka.

"Oda ziko kwa simu?" nikamuuliza Mutua.

"Ziko."

"Nisomee."

Akasoma, nikaandika. Loitokitok, lori zima. Oltepesi, nusu lori. Gataka, magunia machache.

"Oltepesi na Gataka si ni njia moja? Mbona malori mawili?"

"Wa Gataka hufungua saa nane. Dereva wa Oltepesi hawezi kukaa hapo akimngoja."

"Na akienda Oltepesi kwanza, ashushe ya Gataka akirudi?"

Mutua akahesabu kwa vidole. Halafu akacheka. "Inaweza. Lakini ya Gataka ipakiwe kwanza, ikae ndani."

Hiyo mimi singewahi kufikiria. (Nina digrii tatu, sijawahi kupakia gunia hata moja.)

Lori la tatu likazimwa. Mama Nasieku akalichungulia kwa dirisha, akavuta barua ya ushirikiano niliyokuja nayo, akaweka sahihi. Wacha niseme ukweli, nilitaka kuruka.

"Wanafunzi waje Jumatatu, wote sita," akasema. "Wewe ukitaka kuja, piga simu kwanza. Mutua afunge ofisi."

Anayetaka kucheka, kwanza aniambie yeye amepeleka wanafunzi wangapi kiwandani.