Seti Moja ya Tairi Halisi

Kabiru aliiona pikapu nyeupe ikikata kona kuingia mtaa wa Free Area, tope hadi kwenye vioo, na moyo wake ukafurahi. Tope lile lilimweleza yote aliyotaka kujua. Mwenye gari ametoka juu milimani, barabara ya kwao ni mbovu, tairi zimemchosha, na hana nafasi ya kuzunguka mjini akiulizia bei duka hadi duka.

"Jeff," alimwambia fundi wake bila kugeuka, "bandika chai."

Msomaji asidhani Kabiru alikuwa na kiu. Chai ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe. Katika kibanda chake chote palikuwa na seti moja tu ya tairi halisi za all-terrain, imetundikwa ukutani kwa heshima kama picha ya arusi. Mteja huzishika, huzibonyeza, huzipenda, hulipa. Kisha hualikwa nyuma kunywa chai na chapati, na kutoka Molo hadi Naivasha sijaona mtu mzima anayekataa chai ya mwenyeji. Kukataa ni kama kumwambia unaogopa ameitia sumu. Basi mteja anapopuliza kikombe, huko mbele Jeff anamfungia tairi nyingine kabisa: kuukuu zilizokwisha meno, zikachongwa upya kwa kisu cha moto na kupakwa rangi nyeusi mpaka zinang'aa. Zile halisi hurudi ukutani. Zilikuwa zimeuzwa kwa watu wengi sana, wala hazijawahi kutoka Free Area.

Mwenye pikapu alishuka. Alikuwa mama wa makamo, gambuti miguuni, leso kichwani, na alinukia maziwa. Jina lake Jepkemboi.

"Niaje mathe! Karibu. Hii gari imeteseka."

"Sasa boss." Alipiga teke tairi yake iliyokwisha. "Nataka taya za matope. Lakini kutoka Njoro niko kwa lami, so sitaki zile zinalia kama trekta."

"Basi wewe unataka all-terrain. Mud-terrain itakusumbua kwa lami, na hizi za kawaida zitakulaza kwa mtaro. Hii iko katikati. Guza. Ona mabega yake! Hata jiwe likiiona linahama."

Jepkemboi aliingiza kidole katikati ya meno, akabonyeza ubavu, akanusa mpira. Alijua anachotafuta.

"Sikia boss. Mimi hubeba maziwa ya majirani wote huko kwetu Mauche. Nimeshachelewa mara kadhaa. Nikichelewa tena, kituo cha maziwa kinapatia mtu mwingine hiyo route, na hiyo ndiyo inasomesha watoto wangu. Kwa hivyo usinichezee."

"Mathe, mimi ni mtoto wa kanisa."

Hapo hakudanganya. Mara ya mwisho kuonekana kanisani alikuwa mtoto. Jepkemboi alilipa, akakaribishwa nyuma, akanywa chai yake taratibu na hata kuisifu tangawizi. Aliporudi, gari lake lilikuwa limesimama juu ya tairi nyeusi zinazometa. Akashukuru, akaenda zake.

Mvua ilinyesha jioni ile ile.

Siku zilizofuata Kabiru alikaa tayari kwa simu. Wateja wake wote hupiga, na wote hujibiwa kitu kimoja: taya zangu zilitoka hapa zikiwa nzima, uliza watu wa kwenu huko nani amezibadilisha. Namba ya Jepkemboi ilipotokea, alikohoa na kuweka sauti yake ya huzuni.

"Kabiru!" mama alipaza sauti. "Hizo taya, wacha tu! Zinapanda mlima kama mbuzi!"

Kabiru aliitoa simu sikioni, akaitazama. Tairi zile alizichonga Jeff mbele ya macho yake.

"Zi... zinapanda?"

"Watu wa chama chetu wameona, sasa kila mtu anataka. Pikapu ziko nyingi huku. Kuja Jumamosi mchana, ukule kwetu, uongee nao. Watatoa deposit hapo hapo. Lakini kuja na gari iko na taya kama zangu, waone."

Mtu mwaminifu angeshtuka. Kabiru, kwa kuwa alikuwa tapeli, aliamini. Hakuna anayependa uongo wake kama aliyeutunga, na usiku ule alilala akijiuliza kama pengine Jeff ana kipaji. Jumamosi asubuhi alishusha zile tairi halisi ukutani, akazifunga kwenye pikapu yake mwenyewe, ya aina ile ile kama ya Jepkemboi. Mpango ulikuwa rahisi: awaonyeshe hizi, apokee deposit, aahidi mzigo wiki ijayo, halafu abadilishe laini ya simu.

Tairi zilipanda Mauche bila kulalamika. Tope lilikuwa la kufika kwenye rimu, mlima wa mwisho ulikuwa umelainika kama uji, na gari likapita katikati. Kabiru alijisikia mfanyabiashara kamili.

Sebuleni alikuta wanachama wamejaa, wake kwa waume, kila mmoja na bahasha mkononi. Mezani palikuwa na nyama ya kuchoma, ugali, sukuma, na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao. Kabiru aliketishwa mahali pa mgeni, mgongo kwa dirisha. Kisha mama mzazi wa Jepkemboi, ambaye wajukuu na kijiji kizima walimwita Gogo Cherono, akasimama kuombea chakula.

Sasa, yuko nani asiyejua maombi ya kina mama wa kanisa huko milimani? Gogo alianza na mvua. Akaombea ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake. Akapitia wajukuu, akaingia kwa wakwe, akagusia viazi na bei yake. Nyama ikaacha kutoa moshi.

Nje, chuma kiligonga chuma.

Kabiru alifungua jicho moja. Sebule nzima ilikuwa imefumba macho.

"Na wale wanaofungua macho wakati wa maombi," Gogo aliendelea bila kubadili sauti, "Bwana, wahurumie."

Kabiru alilifunga jicho upesi. Hata tapeli ana mama. Na bahasha zile zilikuwa zimelala mapajani mwa watu wanaoomba. Huwezi kumkatiza mtu maombi kisha umwombe deposit.

Kwa hiyo hakumwona Gedion, kakake Jepkemboi, ambaye aliwahi kufanya kazi na timu ya magari ya mashindano kule Naivasha, na hata leo gurudumu likimwona hulegea lenyewe. Yeye na vijana wa kwaya walikuwa na jeki, spana, na gari la Jepkemboi limefichwa nyuma ya ghala. Magurudumu manne yalihama kutoka huku kwenda kule, na manne kutoka kule kuja huku. Halafu wakayapaka yale ya gari la Kabiru tope zito, kila jino, mpaka hata Jeff asingeyatambua.

Msiwahukumu. Jioni ile ya mvua, Jepkemboi alikwama mlimani mpaka giza, rangi nyeusi ikitiririka kwenye tairi kama wanja. Maziwa ya kijiji kizima yaliharibika. Alilia pale barabarani, alilia kweli, maana alijua kituoni watampa nafasi moja tu ya mwisho. Sasa alikuwa anachukua tairi alizozichagua kwa mkono wake na kuzilipia. Kwaya iliona hiyo si dhambi.

"... Amina," alisema Gogo Cherono.

"Amina!" Kabiru aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Alikula akashiba, akanywa mursik mpaka mdomo ukawa mweupe, akamwaga sera mpaka wazee wakatikisa vichwa. Aliponyoosha mkono kwenye bahasha ya kwanza, Jepkemboi alisema kwa upole, "Watu wangu wanaomba kitu kimoja tu. Wanataka kuona vile unateremka ule mlima. Ukifika chini, wanakuletea pesa huko huko."

"Hiyo tu?" Kabiru alicheka. "Leteni viti!"

Wakajipanga kando ya barabara. Kabiru akawapungia mkono, akatia gia, akateremka kwa mbwembwe za bwana arusi. Gari lilienda mbele kidogo. Kisha likaenda upande. Kisha likaanza kuteremka kinyumenyume, Kabiru akiwatazama wanachama wote kupitia kioo cha mbele, mpaka likajilaza mtaroni na kuzima.

Alitoka kwa dirisha. Akafuta tope kwenye tairi moja kwa kiganja, na chini yake akaona michoro ya kisu cha moto. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

"Hizi taya si zangu!" alifoka.

Watu walikuwa wameshamzunguka.

"Aa, si zako?" Jepkemboi aliuliza. "Ni za nani?"

Kabiru alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa fupi, lilikuwa la kweli, na kijiji kizima kilikuwa kinalisubiri, baadhi yao wakiwa na majembe. Akafunga mdomo.

"Trekta itakuja kesho," Jepkemboi alisema. "Mimi napeleka maziwa ya jioni. Panda nyuma, ushike mikebe isimwagike."

Akapanda. Pikapu nyeupe iliteremka ule mlima bila kuyumba hata kidogo, na Kabiru, amekumbatia mkebe huku na mwingine kule, alilazimika kukiri moyoni kwamba zilikuwa tairi nzuri sana.

Kituoni walifika kungali mapema. Winrose, mpokeaji maziwa, alitoka akiwa amekunja uso kama aliyejiandaa kumfukuza mtu. Akatazama saa, akatazama mikebe. Uso ukakunjuka.

"Jepkemboi! Na hii mvua? Basi route ni yako, nani atakunyang'anya." Akainama, akaguza tairi. "Wee! Hata bwanangu anatafuta kama hizi, na pesa iko tayari. Umetoa wapi?"

"Muulize huyo," Jepkemboi alisema, akishusha mkebe. "Ndiye aliniuzia."

Winrose alimgeukia Kabiru kwa macho ya matumaini.

"Zimeisha, mum," Kabiru alisema.