Jogoo, Kamba na Presha ya Kisegi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Homa Bay.

Nimefika! Wanafunzi wa chuo walioomba kushiriki utafiti wa magonjwa ya moyo likizo hii ndefu walikuwa wengi. Tumechukuliwa wawili tu. Mimi, Wangwe wa Suna, Biolojia, mwaka wa tatu. Na msichana anayeitwa Risper, ambaye sijui alichukuliwa kwa lipi. (Nimeambiwa aliongoza darasa lao. Bahati.)

Msimamizi wetu ni Daktari Kultum. Mpole, si msemaji, na akikutazama unakumbuka dhambi zako. Ametuonyesha mashine ya kupiga picha ya moyo. Unauona moyo ukipiga pale kwenye kioo, milango yake ikifunguka na kufungwa! Nikanyoosha kidole. Akasema tusiguse. Akasema pia kwamba wiki ijayo atachagua mmoja wetu abaki naye kwenye mashine hiyo mpaka vyuo vifunguliwe. Mwingine atapanga chupa za damu kwenye friji.

Mimi na friji? Haiwezekani. Mama ameshatangaza kanisani Migori kwamba mwanawe anatibu mioyo. Jirani amenipigia simu kuuliza kama naweza kumpunguzia mkewe hasira.

Jumanne, 10 Juni. Kisegi.

Kupima watu presha sokoni, bure. Risper ni wa huku. Wanamwita nyarwa, binti yetu, na kumletea viazi vitamu. Mimi Mkuria. Kidholuo changu ni cha kusalimia na kuomba chakula. Nilijaribu kumwambia bibi mmoja alegeze mkono. Sijui nilisema nini. Aliondoka.

Wanawake walijaa kwa Risper. Wanaume, hakuna. Na Daktari anawataka hasa wanaume, kwa sababu hawaendi hospitali mpaka wabebwe. Nikashuka ziwani kuwaita. Mwenye mashua mmoja, Tony, pande la mtu, alicheka mpaka akakohoa. Akasema presha ni ugonjwa wa watu wenye mishahara.

Sawa. Atakayewaleta wanaume ndiye atakayebaki na mashine. Nimepata wazo.

Alhamisi, 12 Juni.

Nimenunua jogoo. Mwekundu, mwenye kiburi, ameniparura mara mbili. Kesho kutakuwa na mashindano ya kuvuta kamba, wavuvi dhidi ya watu wa bodaboda. Anayevuta lazima apimwe presha. Nahodha wa washindi anachukua jogoo. Kisegi nzima inazungumza habari hiyo!

Risper aliuliza kama Daktari anajua. Nikamjibu kwamba utafiti unataka ubunifu. Akauliza kama nimesoma yale maelezo ya kumpumzisha mtu kabla ya kumpima. Nimeyasoma. Yaani, kichwa cha habari.

Ijumaa, 13 Juni.

Siku gani hii!

Wanaume walikuja kama nzige. Wakavuta, wakaanguka, wakatukanana kwa upendo. Wavuvi walishinda, nahodha wao Tony akiwa mwisho wa kamba kama nanga. Niliogopa wakipoa wataondoka, kwa hiyo niliwadaka pale pale, jasho likiwatiririka, nikawapima.

Presha juu. Wote! Wazee juu, vijana juu, hata mwinjilisti aliyejiunga na bodaboda dakika za mwisho. Nilikuwa nimegundua janga! Nikampelekea Daktari ujumbe: Kisegi inaangamia, njoo na mashine. Nikampigia Mama, nikamwomba asimwambie mtu kabla ya Jumapili. Nilianza hata kufikiria jina. Ugonjwa wa Wangwe. Linasikika vizuri.

Risper naye alikuwa anawaita watu wangu kivulini, anawaketisha, wanapumua, anawapima upya. Presha ikawa inashuka. Nikamwambia anaharibu matokeo.

Daktari alifika mchana. Akauliza, kwa sauti ya chini, wale wanaume walikuwa wanafanya nini kabla ya kupimwa. Nikasema walikuwa wanavuta kamba. Akauliza mimi nilikuwa nafanya nini. Nikasema nilikuwa nashangilia. Akafumba macho.

Hapo ndipo Risper alipoita. Tony alikuwa ameketi juu ya mashua iliyopinduliwa, jogoo kwapani. Wenzake walishatulia zamani, wanapiga soga. Yeye bado anahema. Midomo imebadilika rangi. Risper alimsikiliza kifua, akasema kuna sauti, kama maji yanayorudi nyuma. Daktari akasikiliza pia. Akakimbia kwenda garini. Sikujua kama anaweza kukimbia.

Akaleta mashine. Nikauona moyo wa Tony. Mlango mmoja haufungi. Damu inasukumwa mbele, nusu inarudi. Daktari akamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo, kisha viungo vikavimba. Tony akasema ndiyo, mama yake alimpa asali. Kumbe homa ile ndiyo huharibu milango ya moyo. Akasema, huku akitazama chini, kwamba tangu mwaka jana hawezi kuivuta mashua yake mwenyewe. Hujifanya anasimamia tu.

Tulimpeleka Homa Bay. Mimi nilikaa naye nyuma. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "nikifa, jogoo ni wa mke wangu."

"Hakuna anayekufa hapa!" nikasema. Nilisema kwa nguvu kwa sababu sikuwa na hakika. Nikamwahidi Mungu kwamba huyu mtu akipona, sitapanga jambo lolote tena maisha yangu yote.

Jumatatu, 16 Juni. Homa Bay.

Tony anapumua vizuri! Amepewa dawa, na Daktari amemtafutia nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa ule mlango.

Mimi niliitwa ofisini. Daktari alisema mtu mwenye moyo kama ule hawekwi kwenye kamba, na kwamba nusura nimuue mbele ya soko zima. Akauliza kama nimeelewa. Nilielewa.

Risper amepewa mashine. Mimi, friji.

Nikajikaza. Nikamuuliza Daktari, je, bila jogoo Tony angekuja kupimwa?

"Hilo ni kweli," akasema. "Na ndilo linalonitia hofu."

Nilipita wodini. Mke wa Tony alikuwa ameshamchinja jogoo. Akaniwekea paja. Nililia kidogo. Pilipili ilikuwa nyingi.

Jumatano, 18 Juni.

Friji. Baridi. Risper amepita akinionea huruma. Simhitaji. Mtu mwenye chupa mkononi ana muda wa kufikiri.

Daktari mwenyewe alisema: hilo ni kweli. Yaani njia yangu ni sahihi. Ile ahadi niliitoa garini, barabara ni mbaya, sidhani kama ilisikika vizuri huko juu. Kosa langu nimeliona, nalikiri kabisa: kamba. Kamba inachosha moyo. Haifai.

Wiki ijayo kikosi chetu kinakwenda Isebania. Madereva wa malori! Wanaume watupu, wamekaa wanangoja kuvuka mpaka, hawana la kufanya. Leo nimezungumza na bendi ya ohangla. Watapiga asubuhi nzima, madereva watacheza mpaka vumbi lipande, na nitawapima papo hapo wakiwa bado wamechangamka. Daktari nitamweleza mambo yakishakuwa tayari.

Hakuna atakayevuta chochote.