Nukta Moja Mashariki ya Mto

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo unauma. Vidole vinanata. Leo nimebandika mimea kumi na tisa kwenye karatasi, yote ya Buti. Buti ni mwenzangu hapa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Yeye hutumwa porini, kisha hurudi na matope hadi magotini na kuzunguka ofisi nzima ili tuyaone. Mimi nina chumba cha gundi. Miaka ishirini na miwili! Kila karatasi ina lebo, kila lebo ina mstari wa mkusanyaji, na kwenye mstari huo sijawahi kuandikwa hata kwa bahati mbaya.

Daktari, mkuu wetu, ametangaza kuwa msaidizi mmoja ataungana na msafara wa utafiti mwezi ujao. Miezi sita nje! Sharti ni moja: awe amewahi kupata mmea mahali ambapo ramani yake haina nukta, yaani haujawahi kuandikwa kuwa unaota hapo. Buti akajikohoza. Ana nukta kumi na moja.

Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Naitaka nafasi hii mpaka chakula hakishuki.

Jumanne, 4 Machi

Gundi imekauka koponi. Sikubandika kitu, nimepekua ramani kutwa. Na nimepata! Ule mmea wa kutambaa wenye maua ya buluu yaliyoachama kama tarumbeta, koo la njano. Watu huupanda kwenye ua na kwenye veranda kwa uzuri wake. Ramani ina nukta thelathini, zote magharibi ya mto. Mashariki, peupe.

Na najua pa kuupata. Umefunika veranda yote ya mama mkwe.

Mpango ni rahisi. Mashariki haupo, basi upelekwe. Ukishafika, ugunduliwe. Na mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwambia mama mkwe nimekuja kumtazamia bati linalovuja. Alifurahi mno. Akasema mkwe wake ana moyo, akaingia ndani kunichemshia chai. Nikachimba.

Mizizi yenyewe! Minene, imejaa maji, imeshikana na ardhi kama ina hati ya kiwanja. Nilikata kipande kikubwa pamoja na matawi matatu yenye maua. Mkoba ukakataa kufungwa. Nikavaa koti juu ya mzigo wote, jua likiwa utosini. Mama mkwe akauliza kama nasikia baridi. Nikasema homa. Akaniletea vidonge, akasimama palepale mpaka nikameza viwili.

Bati sikulitazama.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevuka daraja na mkoba wangu wa kijani. Upande wa pili kuna kibanda cha pampu ya maji isiyofanya kazi tena. Nikapanda pale, ukutani. Nikazungushia matawi kwenye bomba. Yakajifungua. Nikazungusha tena. Yakajifungua. Mara ya nne nikakumbuka kuwa mmea huu una upande wake wa kujizungusha, na mimi nilikuwa naulazimisha kwenda upande mwingine. Miaka ishirini na miwili nimeubandika ukiwa umekufa. Ukiwa hai hatujuani.

Mbali kidogo alikuwepo mtu kakaa kwenye kiti. Anapumzika, nadhani. Tulipungiana mikono.

Jumatano, 12 Machi

Kila jioni nikitoka kazini naenda kumwagilia. Kilomita nne kwenda, nne kurudi, na magoti ni haya haya. Mmea umenywea. Jana niliusemesha, nikaubembeleza, nikautisha kidogo. Leo umetoa jani jipya! Nilitokwa na machozi. Nimechoka, ndiyo sababu.

Nyumbani, mke wangu anasema mmea wa mama yake umegeuka njano upande mmoja. Mama mkwe anamshuku fuko. Amenitumia salamu kuniuliza, maana mimi ndiye mtu wa mimea kwenye familia. Nikajibu kuwa ni fuko, tena fuko mkubwa. Sasa anashinda verandani na mpini wa jembe.

Halafu mke wangu akanikumbusha kuwa marehemu baba yake ndiye aliyeupanda, wiki waliyohamia pale. Mama yake hukaa chini ya mmea huo akazungumza na mumewe. Nilijisikia mtu mbaya. Nikageukia ukutani, nikajifanya nimelala.

Jumatatu, 17 Machi

Siku kubwa! Nimepeleka kielelezo changu kwa Daktari, tawi la pale kibandani nililolikausha. Karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kubandika. Hakuna jani lililokunjika, hakuna tone la gundi. Kwenye mstari wa mkusanyaji nimeandika majina yangu yote matatu. Buti alichungulia begani kwangu. Akayasoma yote matatu. Nilitamani siku isiishe.

Daktari akachukua kioo cha kukuzia, akatazama muda mrefu. Akauliza kama niliona tunda. Sikuona. Mbegu je? Wala. Akasema alitarajia hivyo, kwa sababu mmea huu katika sehemu zetu haujapata kuonekana ukizaa mbegu hata moja. Nukta zote thelathini ni mahali ulipopandwa na mtu. Kwa hiyo swali ni moja tu: huu wa mashariki aliupanda nani?

Nikasema labda mzee fulani wa zamani, mpenda maua, Mungu amrehemu. Daktari akasisimka! Ijumaa tunakwenda wote kuwahoji majirani. Buti anakuja kuandika.

Nimejipalia makaa mwenyewe, kwa koleo langu mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Nilijaribu kuugua. Mke wangu akasema vidonge vya homa vya mama yake bado vipo.

Yule mtu wa kwenye kiti ni mlinzi wa pampu. Kumbe pampu iliyokufa ina mlinzi! Kabla Daktari hajafungua mdomo, alinikimbilia kwa mikono miwili. Shikamoo mzee wangu, akaniuliza mbona juzi na jana sikuja kumwagilia, akasema nisijali, ameumwagilia yeye. Akamweleza Daktari kwamba hajawahi kuona mtu anayependa mmea namna ile, mpaka anausemesha. Akaonyesha nilipochimba. Akaonyesha na nilivyopiga magoti.

Buti aliandika kila neno. Aliniomba radhi alipougeuza ukurasa.

Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza. Alivua miwani, akasema ningemwambia tu kwamba nimechoka na chumba cha gundi. Sikujua kama jambo hilo husemwa.

Jumatatu, 24 Machi

Buti anakwenda na msafara. Mmea wangu utaingia kwenye kumbukumbu, maana Daktari hatupi kielelezo. Nimeletewa lebo mpya niibandike juu ya ile yangu. Mkusanyaji: Buti (eti ndiye aliyeandika maelezo). Chini yake, kwa herufi ndogo: umepandwa na mfanyakazi wa chumba cha gundi.

Hata jina halimo! Niliibandika mwenyewe. Ilikaa vizuri.

Mke wangu ameshaunganisha habari zote akamfikishia mama yake. Mama mkwe amejibu kwa sentensi moja: kumbe yule fuko huvaa koti.

Jumamosi, 29 Machi

Adhabu yangu ni kung'oa mmea ule mashariki ya mto kila Jumamosi mpaka usirudi. Mizizi inakatika, na kila kipande kinachobaki kinachipuka. Mlinzi amenipa kiti chake, akakaa chini. Ananionea huruma sana, kana kwamba nimelazimishwa kumuua mnyama wangu.

Daktari ameagiza kila kipande kichomwe. Ameeleza sababu kwa uvumilivu, ananiona kama mtu wa kuelezwa mara mbili: kipande kikiangukia mtoni, mafuriko yatakibeba kikaote kwingine, bila mkono wa mtu.

Bila mkono wa mtu!

Sikulala usingizi wa mchana. Nimepitia ramani yote. Kilomita tisa chini ya daraja, mto unapopinda, pana ukingo mweupe kabisa, hauna nukta wala mlinzi. Na mafuriko hayahojiwi na Daktari. Mwakani kuna msafara mwingine. Vipande saba vimo kwenye mkoba, vimefungwa kwa kitambaa kibichi.

Tatizo ni dogo. Mvua haijanyesha tangu Desemba. Nitabeba ndoo mbili.