Kemikali Zangu Zinatoka kwa Mluzi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya nane meza moja na msahihishaji mgeni, niliyembandika jina Mluzi. Anapiga mluzi akisoma. Anapiga mluzi akichonga penseli. Leo kapiga mluzi huku anatafuna karanga, jambo nililodhani haliwezekani! Sisi ni wasahihishaji wa vitabu, si bendi. Nimempelekea Mkuu wa Idara malalamiko, kurasa nne, naomba kile chumba kitupu chenye dirisha. Mkuu kasema nilete ushahidi kwamba naumia. Ushahidi! Uso wangu hauoni?

Jumanne, 4 Machi
Bahati! Nimepewa kusahihisha kitabu cha biolojia cha sekondari. Sura ya tisa: msongo wa mawazo. Nikasoma mbio, najua hapa Mluzi kapatikana. Wapi! Eti kemikali inayoushtua ubongo, noradrenalini, hutengenezwa humo humo kichwani, kwenye shina la ubongo, katika kidoa cha rangi ya buluu. Nyingine amri yake inaanzia haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, inashuka hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kichwa changu. Figo zangu. Yaani Mluzi apige mluzi, halafu kiwanda kiwe mimi? Nimekataa.

Nilimsomea mke wangu mezani. Akasema ndiyo maana ofisini mko ishirini, mluzi mnausikia wote, na anayetetemeka ni mmoja. Nimesusa chai.

Jumatano, 5 Machi
Nimetafakari. Mwandishi hajawahi kukaa na Mluzi. Hilo ni kosa, na kazi yangu ni kuondoa makosa. Baada ya "hutengenezwa" nimefuta yote hadi "kidoa cha rangi ya buluu", nikaweka "na mtu wa jirani, hasa apigaye mluzi". Sentensi imetulia sana. Kitabu kikichapwa, naambatanisha ukurasa na malalamiko yangu, ndio ushahidi. Nani atabishana na kitabu cha shule?

Alhamisi, 6 Machi
Hujuma! Mkuu kaagiza sura ya tisa isomwe mara ya pili. Msomaji: Mluzi! Nikajaribu kumnyang'anya karatasi kwa kisingizio cha kuzinyoosha. Hakuziachia. Akasoma. Mluzi ukakatika katikati ya wimbo. Chumba kimya kwa mara ya kwanza, na sikukifurahia kimya chenyewe hata dakika moja.

Akaniuliza taratibu, "Kaka, huyu jirani ni mimi?"

Nikamjibu kwamba sayansi haitaji watu. Machozi yakamlengalenga. Akasema anapiga mluzi kwa sababu akisoma kimya moyo unamwenda mbio. Tangu afike anaogopa kukosea mbele yangu, maana kila akigeuza ukurasa mimi naguna. Mimi? Naguna? Basi kumbe kwake yeye, mtu wa jirani ni...

Sentensi hiyo sijaimaliza. Haikuwa na maana.

Ijumaa, 7 Machi
Mluzi karudisha maneno ya mwandishi yote, na hakunisemea kwa mtu. Roho mbaya ya namna gani hiyo? Anataka nimshukuru!

Saa tano Mkuu akaniita. Nikakaza tai. Akasema chumba chenye dirisha kimepata mtu. Mluzi! Kapimwa zahanati jana jioni, presha imepanda, daktari kaandika ahamishwe meza. Kikaratasi kimoja kama cha kufungia karanga, na kurasa zangu nne zimewekewa kikombe juu. Nikapinga. Mkuu akauliza kama nina swali lingine. Nilikuwa nayo kumi na moja. Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Jumatatu, 10 Machi
Meza nzima yangu. Kimya kitupu. Ilipofika saa nne moyo ukaanza kunidunda, taya zimekaza, viganja jasho. Mtu asiye na elimu angedhani kemikali zinatoka kwake mwenyewe. Mimi nikakichunguza chumba kona hadi kona, na chanzo nimekipata: karani wa meza ya pili, mama mmoja mpole, hasemi na mtu. Anapumua. Kwa pua, tena bila kificho! Malalamiko yatakuwa kwa Mkuu kabla ya saa sita.