Mgongo Wangu na Lori la Baba

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimeanza chuo cha udereva wa malori. Naandika haya ili siku nikiwa na malori yangu watu wajue nilikoanzia.

Sababu ni nzito. Baba ameendesha lori lake tangu kabla sijazaliwa, na sasa macho yamemchoka. Daktari amemkataza barabara. Lori liko uani chini ya turubai. Kila asubuhi Baba hulifunua, hupanda, huwasha injini ili betri isife, huisikiliza kidogo, huzima, hushuka. Mwenye machimbo ya mchanga analitaka. Baba amemwambia asubiri mtihani wangu. Nikipata leseni, lori linabaki kwetu. Nikikosa, linakwenda kubeba mchanga.

Baba alitaka kunifundisha mwenyewe. Nilimshukuru, nikamweleza kwa upole kwamba siku hizi udereva unasomewa. Akaenda kufunika lori.

Chuo chenyewe: kiwanja chenye mteremko, lori moja, mwalimu mmoja, wanafunzi tele. Lori halina starta. Mwalimu anasema iko kwa fundi. Halina vioo vya pembeni pia, navyo viko kwa fundi. Hata pa kutia ufunguo hapana. Fundi huyo sasa hivi lazima ana lori zima kwake. Kwa hiyo la chuo huwashwa kwa kusukumwa, na kila mwanafunzi akikosea linazimika, tunarudi nyuma yake tena. Nimesukuma kutwa. Usukani nimeuona kwa mbali.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimewaza barabarani nikienda. Anayesukuma anajifunza kusukuma. Anayekaa kwenye usukani wakati wenzake wanasukuma ndiye dereva. Basi nikafika nimeshika kiuno. Nikaguna kwa kila hatua. Mwalimu, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, akasema asiyeweza kusukuma apande juu, asizibe njia.

Nikapanda. Kumbe ni rahisi. Klachi chini, gia ya pili, achia breki, subiri watu, lori likishika mwendo achia klachi. Limewaka mara ya kwanza. Mwalimu aliinua macho. Alisema nina mguu mzuri.

Kuna mwanafunzi tunayemwita Miwani kwa sababu ya miwani yake mipana. Aliniangalia kiuno kwa muda mrefu. Ana husuda yule.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Miwani amekuja na goti limefungwa bandeji. Asubuhi bandeji ilikuwa goti la kulia, mchana ilikuwa la kushoto. Nilimwonyesha mwalimu. Mwalimu akasema ugonjwa unahama. Tukagawana usukani, yeye nusu, mimi nusu. Roho imeniuma sana.

Nyumbani Baba aliniuliza kama tumefika kwenye kurudi nyuma. Nikasema bado. Akauliza vioo je, navitazama. Nikasema nitavitazama vikirudi. Akauliza tunapandaje mlima na mzigo. Nikamwambia hayo ni ya mbele, kila kitu kina hatua zake. Alikuwa akifuta kiti cha lori kwa kitambaa. Kitambaa kikasimama, kisha kikaendelea.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Maafa. Chuo kizima kimekuja kigonjwa. Mmoja bega, mwingine nyonga, mwingine anasema moyo. Hakuna wa kusukuma. Lori limelala lilipo kutwa nzima. Mwalimu akasema basi leo ni nadharia. Alituketisha kwenye matofali, akatuambia tufumbe macho tujione tunaendesha. Tulipofumbua, yeye alikuwa amelala.

Nikaona lazima mtu awe na hekima hapa. Nikawakusanya wenzangu. Nikawaambia mimi mgongo umepona kiasi, lakini kwa faida ya wote inafaa awashe mmoja anayejua, kisha likiwaka kila mtu apate zamu yake. Walikubali, hata Miwani, mradi yeye ndiye apige makofi ya kuwaanzisha wasukumaji. Tumepanga na ishara. Mimi napiga honi, Miwani anapiga makofi, wote wanasukuma pamoja. Jioni lilikuwa linawaka kabla halijafika katikati ya kiwanja. Mwalimu alisema tangu afungue chuo hajaona kundi kama hili. Zamu za kuendesha hazikufika, giza liliingia.

Mke wangu aliuliza lini nitaendesha. Nikamwambia naendesha watu, lori ni hatua ndogo tu baada ya hapo.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mtihani. Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea, ingawa mkono hautaki.

Mtahini alikuja na lori lake. Jipya, safi, vioo viwili vikubwa. Kiwanja tambarare. Meza yake ya karatasi iliwekwa mbele kidogo, chini ya mwavuli. Mimi wa kwanza. Baba alikuwa amenisindikiza, akasimama kando ya uzio, kofia yake ya udereva mkononi.

Mtahini alikaa kando yangu, akaniambia niwashe tuondoke. Nikafunga mkanda. Klachi chini, gia ya pili, nikaachia breki. Nikasubiri.

Akaniuliza nasubiri nini. Nikamjibu kwa heshima kwamba nasubiri watu. Akauliza watu gani. Nikatoa kichwa dirishani kutazama nyuma, na kusema kweli nilifarijika, maana wenzangu walikuwa wamekwishajipanga nyuma ya lori bila kuitwa. Miwani alikuwa amekunja mikono ya shati. Nikapiga honi. Makofi yakalia. Wakasukuma.

Walisukuma vizuri kuliko siku zote. Nikaachia klachi, halikuwaka. Wakaongeza nguvu. Nilipojaribu kukata kona usukani ukakataa, umejifunga. Tukaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mtahini, mwavuli ukalala juu ya kioo na karatasi zikapeperuka kiwanja kizima. Hakuna aliyeumia. Mtahini alikanyaga klachi kwa mguu wake akiwa amenipandia magotini, akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo kwa vidole viwili. Injini ikawaka, kimya kimya.

Ufunguo ulikuwepo muda wote, mbele ya goti langu. Mtahini aliuliza nyuma huko ni akina nani. Walipojitaja kuwa ni wanafunzi wa chuo chetu, akasema mtihani umekwisha kwa wote.

Nilipotazama uzio, Baba alikuwa amevaa kofia yake, anaondoka.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Nilimwambia mke wangu kwamba mtahini alikuwa na haraka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama mgongo wangu haujambo.

Nilimngoja Baba anigombeze. Hakunigombeza. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akakaa kando yangu. Alisema amekwenda kwa mwenye machimbo na kumwomba avute subira hadi mwezi ujao. Akasema hajawahi kumwomba mtu kitu, lakini hicho amekiomba. Jumapili alfajiri niwe tayari, yeye na mimi tu. Barabara ya nyuma huwa tupu. Atanionyesha tangu ufunguo.

Nilitaka kumwambia anisamehe. Nikasema sawa, Baba.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Baba amelisafisha lori kutwa. Ameosha vioo. Ameweka mto kwenye kiti cha abiria ili akae juu aone barabara kidogo.

Mimi nimefikiri. Lori zima, lenye starta, lenye vioo. Mwalimu mwenye uzoefu wa maisha yote. Na nje huko kuna chuo kizima cha watu waliofeli, wenye uchungu, wasio na pa kwenda. Hii si bahati ya mtu mmoja! Nikampitia Miwani, Miwani akawapitia wengine. Baba atakuwa mwalimu mkuu. Mimi mkurugenzi.

Mke wangu aliuliza kama Baba anajua. Nikamwambia nataka nimfurahishe ghafla. Aliacha kukunja nguo akaniambia, baba watoto, mzee alisema wewe na yeye tu. Wanawake hawaoni mbali katika biashara.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Alfajiri Baba alikuwa uani, shati limepigwa pasi. Akanikalisha kwenye kiti chake. Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye ufunguo, akasema taratibu. Nikazungusha. Likawaka. Baba alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu macho yake yaharibike, na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha sana.

Ndipo lango likafunguka. Wakaingia wote. Miwani akawapanga nyuma ya lori, akapiga makofi.

Baba aliuliza ni akina nani hao. Nikamweleza habari ya chuo, mwalimu mkuu, mkurugenzi. Alisikiliza yote. Akasema alidhani nimekuja kujifunza. Akanyoosha mkono akazima injini, akachomoa ufunguo, akashuka akipapasa mlango. Aliingia ndani kupiga simu.

Mwenye machimbo alifika kabla ya chakula cha mchana. Baba alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akakunja turubai peke yake, akakataa kusaidiwa. Lori liliwaka papo hapo, likatoka langoni. Baba alibaki amesimama mahali lilipokuwa, pale penye madoa ya oili. Yupo bado.

Inaniuma. Lakini nimetazama vizuri. Mwenye machimbo aliendesha mwenyewe, maana yake hana dereva. Kesho asubuhi nitamwendea. Leseni sina, ila wasukumaji ninao.