Mapipa Yamevuka Barabara

Jumatatu, 3 Machi
Leo furaha imenizidi mpaka nimeshona suruali ya mtu miguu yote miwili pamoja. Nitaifumua kesho. Watu wa ufadhili wanakuja nyumbani Alhamisi! Binti yangu yumo kwenye wale wachache waliobaki kwenye mchujo! Chuo kimeshampokea asome shahada ya pili, kilichobaki ni wa kumlipia. Asipompata mwezi huu, nafasi anapewa mwingine. Anasomea maji taka. Ndiyo, maji taka. Shahada nzima ya kwanza kasoma hayohayo na bado hajayachoka. Kila mtoto na bahati yake.

Nimemuuliza wageni wanakuja kuangalia nini. Kanijibu huku anafunga viatu, eti mazingira ya kazi yangu, mama, usihangaike.

Nisihangaike! Nani kamzaa?

Jumanne, 4 Machi
Mteja wangu wa blauzi ya kijani kaja kupima mikono. Huyo anajua mambo. Mpaka nimalize mkono mmoja nimeshasikia ya mtaa mzima. Kaniambia hao wageni kazi yao ni kupeleleza umaskini, hakuna kingine. Kuna familia kwao ilinyimwa kwa sababu ya friji. Friji lenyewe bovu, wanawekea viatu!

Nikaitazama sebule yangu. Sofa. Televisheni. Meza ya kioo. Tumekwisha.

Mume wangu kasema tuache nyumba kama ilivyo, njia ya mwongo fupi. Nimemsamehe. Ni kinyozi, mambo ya elimu hayajui.

Jumatano, 5 Machi
Kazi imefanyika! Binti alipotoka tu kwenda kufundisha tuisheni, nikavuka barabara mpaka kwa Bi Pazia. Jina hilo nimempa mimi, maana anaishi nyuma ya pazia la dirisha, macho kwangu. Hatupikiki chungu kimoja, lakini ana sebule kubwa. Nikamwomba anitunzie vitu kidogo. Kaniuliza kulikoni mwenzangu, wadai wamebisha hodi? Nikacheka kwa meno. Nikasema tunapaka rangi.

Sofa likaenda. Televisheni ikaenda. Hata saa ya ukutani. Mume wangu kabeba huku anaguna, eti hajawahi kuona mtu anajiibia mchana kweupe.

Halafu nikayaona yale mapipa nyuma ya jiko. Ya binti. Kayajaza mchanga na makaa, anayamwagia maji machafu juu, yanatoka chini yakiwa safi. Mapipa makubwa, mapya! Maskini gani ana mapipa mapya? Mwenye mkokoteni kayavusha nayo. Bi Pazia kauliza ya nini. Nikamwambia ya kusafisha maji, mwaga juu, kinga chini, jifurahishe.

Binti kapiga simu. Analala kwa rafiki yake, wanafanya mazoezi ya kujibu maswali. Mungu akikupenda hata mtoto anakupisha!

Alhamisi, 6 Machi
Wamekuja wawili, mama mwenye miwani na bwana mwembamba mwenye kamera. Binti kaingia nao. Kuona sebule tupu kafungua mdomo, haukufunga. Nikawakaribisha kwenye ndoo. Nimevaa gauni lenye kiraka. Tundu halikuwepo, kiraka nilikishona jana. Nikakohoa kwa huzuni. Mume wangu akauliza mbele ya wageni kama nimepaliwa. Huyu mtu!

Mama wa miwani hata kiraka hakukitazama. Kasema pole kwa hali, mama, ila sisi tunaomba kuona mapipa. Tumekuja kwa ajili ya mapipa.

Mapipa!!!

Binti kanivuta jikoni. Kaniuliza polepole, mama, mapipa yangu yako wapi. Polepole ile inatisha kuliko makelele. Kasema hayo ndiyo kazi yake yote, bila hayo hana cha kuwaonyesha, na chuo ndiyo basi. Machozi yakamlenga. Mimi ninayeongea mpaka na cherehani, nikajibu kwa kidole. Nikakinyoosha dirishani, kwa Bi Pazia.

Tukavuka barabara msafara mzima. Bi Pazia kafungua kabla hatujabisha. Alikuwa kwenye sofa langu, kapandisha miguu! Uani mapipa, na kamba nzima ya mashuka yake, meupe mpaka yanaumiza macho. Nikajua leo naanikwa pamoja nayo. Kweli, kaanza. Kamwambia mama wa miwani huyu jirani kanihamishia nyumba yote, anasema anapaka rangi, rangi yenyewe sijaiona. Vyake achukue hata sasa hivi, sofa lenyewe linachoma mgongo. Ila mapipa aniachie! Eti jana kafua, maji yaleyale kayapitisha humo, kafulia tena mashuka, yaliyobaki kamwagilia maua. Nani fundi wake? Anataka la kwake.

Mama wa miwani anaandika tu, kalamu haipumui. Binti kafuta macho, kakinga maji kwenye gilasi, kaanza kueleza. Mchanga, makaa, vijidudu. Sikuelewa hata kimoja. Nililia tu. Bi Pazia kanisogezea ncha ya shuka nijifute.

Jumatatu, 17 Machi
KAPATA! Ada, vitabu, chakula, mpaka kitanda! Mama wa miwani kapiga simu mwenyewe. Kasema wengine wote walisifiwa na mama zao. Huyu kasifiwa na jirani asiyempenda mama yake.

Na nani aliyepeleka mapipa kwa jirani? Nimeuliza tukiwa mezani. Mume wangu katazama dari. Binti kanikumbatia, kanibusu, halafu kaniapisha nisiguse tena ufadhili wa mtu yeyote. Nikaapa, mkono juu.

Lakini mtoto wa dada yangu si mtu yeyote, ni damu yangu. Anakaa mtaa wa nyuma, naye anatafuta wa kumlipia shahada ya pili, ya muziki. Wageni wake wanakuja kesho kumsikiliza. Mteja wa blauzi ya kijani kaniambia kwenye muziki ndiyo hawataki kabisa kuona mtu ana mali.

Kinanda chake kiko kwa Bi Pazia tangu asubuhi.