Ghala la Mbuke na Mashine Iliyokufa

Watu wengine wakiona ufa ukutani huona hasara. Edson alipouona ufa kwenye ghala la Mbuke pale Katoro, aliona riziki. Akaegesha pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akatoa begini mashine aliyoinunua kwa muuza skrepa wa Kahama. Ni mashine ya kupimia zege: hupitisha mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, na yakichelewa kufika upande wa pili, ujue ndani mna ufa au uwazi. Ila ya Edson ilikuwa imekufa zamani. Kilichokuwa kikilia kila alipopima ni simu mfukoni mwake.

“Shikamoo mayu,” akamwamkia Mbuke, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Marahaba baba.”

Edson akapaka mafuta ya mgando kwenye nguzo, akabandika vidude viwili, kimoja huku na kingine kule. Simu ikalia. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

“Wimbi limechelewa, mayu. Humu ndani kuna kitu. Bila dawa yangu ya zege, ghala hili halimalizi mwezi.”

Mbuke hakushtuka. Alitazama barabarani, kisha akashusha sauti. “Kumbe mashine imekiona. Marehemu mume wangu alikuwa na karasha la kusagia mawe. Mchanga wa ghala hili aliuchota kwenye marudio.”

Marudio, kwa asiyejua, ni mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ila dhahabu haijaisha yote. Mate yakamjaa Edson. Akasahau kabisa kwamba mashine ni maiti, akaanza kuiamini. Mwongo akishaamini uongo wake mwenyewe, hata maombi hayamfikii.

“Nipe zege lote, mayu. Chukua pikipiki.”

“Sawa, ila ubomoe mwenyewe mpaka msingi. Alhamisi pawe peupe.”

Akabomoa siku tatu, viganja vikajaa malengelenge. Akasagisha, akaosha, akapata simenti tupu.

Aliporudi kudai pikipiki yake, alimkuta Mbuke akiagana na wapima barabara. Walikuwa wakimsifu kwa kubomoa kabla ya siku waliyompa, maana ghala lilikuwa limeingia kwenye hifadhi ya barabara.

“Umenitapeli, mayu,” Edson alisema, karibu alie. “Hata marehemu mumeo huko aliko anaona aibu.”

“Muulize mwenyewe.”

Pikipiki ya Edson ikaingia uani, juu yake mzee mnene mwenye kofia ya pama. Edson akamwamkia.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba,” akajibu marehemu, akizima injini. “Hivi hii inakula mafuta sana?”